Phineas Gage: kapita wa reli aliyetobolewa kichwa na chuma, na somo alilowaachia wanaotunza wagonjwa wenye hasira

Jamaa nyingi zinalijua jambo hili. Ndugu anaanguka na pikipiki, anapelekwa hospitalini, kidonda cha kichwa kinapona, anarudi nyumbani akitembea na kusema vizuri. Watu wanamshukuru Mungu. Lakini siku chache kisha, mtu aliyekuwa mpole anaanza kutukana wazazi, anatupa sahani chini, anataka kupigana na yeyote anayemzuia. Majirani wanasema amerogwa. Wengine wanasema ndiyo tabia yake ya kweli, alikuwa anaificha tu.

Madaktari wa dunia nzima wanapoeleza jambo hilo kwa wanafunzi wao, mara nyingi huanza na jina la mtu mmoja: Phineas Gage, Mmarekani aliyekufa mwaka wa 1860. Chuma kilipita ndani ya kichwa chake kutoka shavuni hadi utosini, naye akaendelea kuishi karibu miaka 12. Wengi wanajua nusu ya kwanza ya maisha yake, yaani namna tabia yake ilivyoharibika. Nusu ya pili haisimuliwi sana, lakini ndiyo yenye faida zaidi kwa jamaa iliyo na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani.

Kapita aliyeheshimiwa

Phineas Gage alizaliwa mwaka wa 1823 katika jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano. Alikua kati ya watu wa mashamba na farasi, na baadaye akaingia katika kazi ya kujenga njia za reli, kazi iliyowaajiri vijana wengi wakati huo.

Akiwa na miaka 25 tayari alikuwa kapita, akiongoza kundi la wafanyakazi wanaopasua miamba ili reli ipite. Waliomwajiri walimwona kuwa kati ya makapita wao bora kabisa: mwenye nguvu, mwenye akili ya biashara, asiyeacha kazi katikati, anayeelewana na watu wake. Alikuwa amemwagiza fundi amtengenezee chuma chake mwenyewe cha kushindilia baruti, kinachofanana na baramini wanayoitumia wachimbaji wetu. Kilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 1, unene wa sentimita 3 hivi, na uzito wa kilo 6. Upande mmoja kilikuwa kimechongoka.

Saa kumi na nusu jioni

Tarehe 13 mwezi wa tisa 1848, Gage na watu wake walikuwa wakipasua mwamba karibu na mji mdogo wa Cavendish, katika jimbo la Vermont. Kazi ilikuwa na utaratibu wake: kutoboa shimo kwenye mwamba, kutia baruti na utambi, kufunika kwa mchanga, kisha kushindilia. Mchanga ndio unaozuia chuma kisigonge jiwe na kutoa cheche juu ya baruti.

Ilipofika saa kumi na nusu jioni, Gage aligeuza kichwa kuwatazama watu wake waliokuwa nyuma. Chuma kikagonga mwamba, cheche ikatoka, baruti ikalipuka. Chuma kiliingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto, kikapita nyuma ya jicho, kikatoboa sehemu ya mbele ya ubongo na kutokea juu ya kichwa. Kilianguka mita 25 hivi kutoka pale, kikiwa na damu na mabaki ya ubongo.

Wafanyakazi walifikiri amekufa. Lakini kisha ya dakika chache Gage alisema, akasimama akisaidiwa kidogo, akapandishwa kwenye gari la kukokotwa na ng'ombe. Alikaa wima njia nzima, zaidi ya kilomita 1, mpaka kwenye nyumba ya wageni alimokuwa anaishi. Daktari wa kwanza aliyefika alimkuta ameketi nje mbele ya nyumba, akiwaeleza watu yaliyompata.

Wiki kumi za kupigania uhai

Jioni hiyo alifika daktari kijana wa Cavendish, John Martyn Harlow, aliyekuwa na miaka 28. Wakati ule hakuna aliyejua kazi ya vijidudu katika kuoza kwa vidonda, na hakukuwa na dawa za kuua vijidudu mwilini. Harlow alisafisha kidonda, akatoa vipande vya mfupa, akafunika lakini akaacha nafasi ya uchafu kutoka.

Kidonda kilioza hata hivyo. Tangu tarehe 23 mwezi huo mgonjwa alikuwa nusu amezimia, akijibu kwa neno moja moja tu. Rafiki zake walitayarisha jeneza na nguo za kumzikia. Harlow alikata penye uvimbe, usaha mwingi ukatoka, na polepole Gage akarudi. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi aliweza kusimama.

Hapo ndipo alama za kwanza za mabadiliko zilionekana. Alikuwa amechukua vijiwe fulani vya mtoni, na hakukubali kuviachilia hata kwa dola 1,000, fedha ambayo wakati ule ilikuwa mali kubwa sana. Mwezi wa kumi na moja alitaka kurudi kwao kwa lazima, na rafiki zake hawakuweza kumzuia. Alizunguka mjini kwenye baridi na maji bila koti zito, akashikwa na homa, Harlow akamrudisha kitandani. Tarehe 25 mwezi huo alifika nyumbani kwa wazazi wake, mjini Lebanon, New Hampshire.

Mwili umepona, tabia imegeuka

Mwaka wa 1849 Gage alikuwa amepoteza jicho la kushoto, lakini alitembea vizuri, alisema vizuri, na alikumbuka mambo. Profesa wa upasuaji katika chuo kikuu cha Harvard, Henry Jacob Bigelow, alimwita Boston na kumchunguza kwa wiki kadhaa. Alitangaza kwamba Gage amepona mwili na akili.

Waliomjua zamani waliona mtu mwingine. Waliomwajiri walikataa kumrudishia ukapita wake. Kwa maelezo ya Harlow, Gage sasa alikuwa mtu wa kubadilika-badilika, aliyetoa matusi mazito ambayo hakuyasema zamani, asiyewaheshimu wenzake, na asiyevumilia shauri ao katazo lolote linalopinga anachotaka. Alifanya mipango mingi na kuiacha kabla haijaanza. Harlow alimfananisha na mtu mwenye akili ya mtoto lakini mwenye tamaa na nguvu za mwanaume mzima. Rafiki zake walikubaliana kwamba Gage waliyemjua hayupo tena.

Tofauti kati ya Bigelow na rafiki hao ni jambo ambalo jamaa za wagonjwa hulijua sana. Mgonjwa anaingia mbele ya daktari, anajibu maswali vizuri, anaonekana mzima. Wanaolala naye nyumba moja ndio wanaoona hasira ya saa mbili usiku. Na wakieleza, wakati mwingine hawaaminiwi.

Harlow mwenyewe alikaa kimya kwa muda mrefu. Taarifa yake ya mwaka wa 1848 ilizungumza hasa juu ya kidonda. Mambo ya tabia aliyaandika wazi mwaka wa 1868, wakati Gage alikuwa amekwisha kufa.

Kwa nini hasira inatoka bila kizuizi

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo iliyoumizwa kwa Gage, hasa upande wa kushoto. Sehemu hiyo inafanya kazi nyingi, na moja kati yake inafanana na breki. Mtu mzima akichokozwa, hasira inapanda, lakini breki inashika: anafikiri matokeo, anakumbuka aliye mbele yake, ananyamaza. Breki ikivunjika, hasira ndogo inakuwa tusi ao ngumi kabla mtu hajafikiri. Mara nyingine kisha ya dakika tano yeye mwenyewe anashangaa, ao amesahau kabisa.

Madaktari wa leo wanatenganisha vipindi viwili. Kuna fujo ya siku na wiki za kwanza, wakati mgonjwa bado hajui yuko wapi, anavuta mipira ya serumu na kuwapiga wauguzi. Hiyo mara nyingi inapungua kadiri fahamu inavyorudi. Na kuna hasira ya haraka inayobaki kwa miezi ao miaka, ambayo inachochewa na kelele, uchovu, kukosa usingizi, maumivu ya kichwa, kusahau, ao kuambiwa maneno mengi kwa mara moja. Gage alipitia vyote viwili, ijapokuwa Harlow hakuandika popote kwamba Gage alimpiga mtu. Ukali wake ulikuwa wa maneno na wa kukataa kuzuiwa.

Miaka ya farasi

Kisha ya kukosa kazi ya reli, Gage alijionyesha mbele ya watu katika miji kadhaa, akiwa na chuma chake mkononi. Hakukaa katika kazi hiyo muda mrefu. Alirudi New Hampshire akafanya kazi karibu mwaka mmoja na nusu kwenye zizi la farasi wa kukodi, mjini Hanover.

Mwaka wa 1852 mtu mmoja aliyetaka kuanzisha usafiri wa magari ya farasi nchini Chile, Amerika ya Kusini, alimchukua. Gage alikaa huko karibu miaka 7 akifanya kazi kwenye njia ya kati ya Valparaíso na Santiago, safari ya zaidi ya kilomita 100, mara nyingi akiendesha gari zito linalovutwa na farasi sita.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu asiyeweza kujitawala. Dereva aliamka mapema sana, akalisha na kufunga farasi, akafika kituoni kwa saa iliyopangwa, akapakia mizigo, akapokea nauli, akavumilia abiria wa kila namna, tena katika nchi ambayo lugha yake ni Kihispania. Njiani alipaswa kuongoza farasi sita kwenye kona na miteremko. Daktari mmoja Mmarekani aliyemfahamu huko Chile alieleza baadaye kwamba alikuwa na afya nzuri na hakuona kasoro katika akili yake.

Mtaalamu wa Australia Malcolm Macmillan, aliyechunguza maisha ya Gage kwa miaka mingi, pamoja na mwenzake Matthew Lena, walitoa maelezo yanayoeleweka. Kila siku ya Gage ilikuwa na mpangilio uleule: kazi hii kwanza, ile ya pili, kisha ile ya tatu. Breki iliyovunjika ndani ya kichwa ilisaidiwa na utaratibu wa nje. Hakupaswa kuamua mambo mapya kila saa, kwa hiyo nafasi za kukwaruzana na watu zilipungua. Pia alifanya kazi na wanyama aliowapenda. Harlow aliandika kwamba kisha ya ajali Gage alipenda sana watoto, farasi na mbwa, na kwamba aliwafurahisha watoto wa ndugu zake kwa hadithi za ajabu za safari zake, ambazo alizibuni mwenyewe.

Kifafa na kifo

Mwaka wa 1859 afya yake ilidhoofika. Alisafiri kwa meli mpaka San Francisco, ambako mama yake na dada yake walikuwa wamehamia. Alipopata nguvu alitafuta kazi ya shamba huko Santa Clara, maana hakupenda kukaa bure.

Mwezi wa pili 1860, akiwa anakula, alianguka kwa kifafa, kisha kikamrudia. Tangu hapo hakutulia tena: alibadilisha mwajiri mara kwa mara, kila mahali akiona jambo lisilomfaa. Wasimuliaji wengi wamechukua habari ya miezi hiyo ya mwisho wakaifanya kuwa maisha yake yote. Lakini mama yake alieleza wazi kwamba hali hiyo ilifuata kifafa.

Mwezi wa tano alirudi nyumbani kwa mama. Alfajiri ya tarehe 20 kifafa kikali kilimshika, kikarudia mchana na usiku. Alikufa tarehe 21 mwezi wa tano 1860, akiwa na miaka 36. Alizikwa San Francisco, na ubongo wake haukuchunguzwa.

Miaka 6 baadaye Harlow alipata habari za jamaa hiyo, akamwandikia mama. Mama alikubali kaburi lifunguliwe, fuvu likatolewa na kupelekewa Harlow, pamoja na kile chuma ambacho mwanawe alikiweka karibu naye hadi mwisho wa maisha yake. Vyote viwili vimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya tiba ya chuo kikuu cha Harvard, mjini Boston.

Hadithi iliyotiwa chumvi

Baada ya hapo, vitabu vilimfanya Gage kuwa mlevi, mgomvi, mzururaji asiyeweza kazi yoyote. Maandishi ya waliomwona hayathibitishi hayo. Kwa zaidi ya miaka 100 wanafunzi walifundishwa kwamba mtu aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo hawezi kurudi katika maisha ya watu.

Mwaka wa 2009 picha ya zamani ilitambuliwa kuwa yake. Inaonyesha mwanaume nadhifu aliyevaa vizuri, jicho moja limefumba, ameshika chuma chake na kutazama mbele bila aibu. Picha hiyo iliwafanya wengi wasome tena maisha yake kwa macho mengine.

Nini jamaa inaweza kuchukua hapa

Kwetu mashariki mwa Kongo, vichwa vinaumizwa na ajali za pikipiki, risasi, kuanguka na kupigwa. Wanaopona wanarudi nyumbani, na nyumba ndiyo inayobeba yaliyobaki. Maisha ya Gage, pamoja na yale ambayo wataalamu wa leo wanayafundisha, yanatoa mashauri yanayoweza kufuatwa hata pasipo fedha nyingi.

La kwanza, fujo ikianza ghafula ao ikiongezeka, mgonjwa aonwe na daktari. Huenda ana maumivu ya kichwa asiyoweza kuyaeleza, homa, ao dalili za kifafa. Kwa Gage kifafa kilikuja zaidi ya miaka 11 kisha ya ajali, na tabia ikaharibika pamoja nacho. Kifafa leo kina dawa ambazo yeye hakuzipata.

La pili, siku iwe na ratiba. Kuamka, kuoga, kula, kazi ndogo na kupumzika vifuate saa zilezile. Mgonjwa apewe kazi anayoiweza na ambayo aliijua zamani, hata kama ni kulisha kuku ao kumwagilia bustani. Kelele zipunguzwe, redio izimwe wakati wa kuzungumza, na mtu mmoja tu aseme naye, kwa maneno mafupi.

La tatu, jamaa iangalie kinachotangulia hasira. Ni saa ngapi? Alikuwa amechoka? Nani alimwambia nini? Akiandika hayo kwenye daftari kwa wiki mbili, mtunzaji huanza kuona chanzo kinachorudia, na chanzo kikijulikana kinaweza kuepukwa.

La nne, hasira inapowaka si wakati wa kubishana wala kumfundisha heshima. Mtunzaji ashushe sauti, arudi nyuma hatua mbili, aache mlango wazi, aondoe watoto na visu, abadilishe mazungumzo. Akitulia, asifiwe kwa kutulia. Ikiwa kuna hatari kwa mtu, jamaa itoke na kuita msaada.

La tano, kamba na fimbo hazirudishi breki iliyovunjika. Zinaongeza woga, na woga unaongeza fujo. Dawa za kulaza pia zisinunuliwe kiholela sokoni, kwa sababu nyingine zinazidisha kuchanganyikiwa kwa mtu aliyeumia ubongo. Mjini Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, na mjini Bukavu kuna SOSAME, ambako wataalamu wa magonjwa ya akili hupokea wagonjwa. Wanaokaa mbali waanzie kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na waombe kuelekezwa.

La mwisho ni juu ya mtunzaji mwenyewe. Gage alipokuwa karibu kufa, alirudi kwa mama yake, naye alikuwa bado anamngoja. Mama wa namna hiyo, mke, ao dada anachoka. Jamaa nzima igawane zamu, ili mmoja asibebe peke yake matusi ambayo mgonjwa huenda hata hakumbuki ameyasema.